Nyumba Tuliyoivunja Njia ya Matema

Ndugu zangu wa Mbugani, nimechoka kusimamishwa. Nikienda kwa kinyozi naulizwa, nikipeleka mpunga mashineni naulizwa: "Baba Lusajo, ni kweli ulivunja kitanda chako kwa nondo ukakitupa kwenye shamba la kokoa la watu?" Kweli. Na wanaosema nilikuwa nimelewa ni waongo. Pombe niliacha baadhi yao hawajazaliwa. Kwa hiyo nimekaa chini niandike mwenyewe, mkimaliza kusoma mniache. Shule niliishia darasa la nne nikaenda kupakia magunia. Anayetafuta maneno matamu asisumbuke, anayetaka yaliyotokea aendelee.

Kile kibasi mnakijua, ndicho kilichokuwa kinapeleka abiria Tukuyu hadi mgongo wangu ulipokataa. Watu walitaka nikiuze, nikakataa. Nikang'oa viti, fundi akaweka kitanda cha mninga, kabati, jiko la gesi, na dirisha lenye wavu wa mbu. Mama Lusajo, mke wangu, alikuwa anataka kuwaona ndugu zetu na kumalizia kwenye tamasha la ngoma kule Matema. Mimi nilitaka kulala kwangu kila nitakapofika. Nimejenga nyumba kwa mikono yangu, sioni kwa nini uzeeni nilalie godoro la mtu mwingine.

Mlikuwapo siku mchungaji alipokuja. Aliomba, mkala wali na samaki wa mbasa, mke wangu akawasha moto humo ndani, tukalala humo. Na mimi nilisimama mbele yenu nikasema: hili si gari tena, hii ni nyumba. Mkapiga makofi. Kumbukeni kwamba mlipiga makofi.

Mbugani hadi Busale

Kwanza tulikwenda kwa dada yangu Bupe, Busale. Ni mkubwa kwangu na hajawahi kunisifia kitu. Alizunguka kibasi, akagonga bati, akachungulia kitanda.

"Nasikia mmekiombea kama nyumba," akasema.

"Ndiyo, dada. Ni nyumba."

"Na mkamwana wako akitaka lifti?"

"Atapanda bajaji."

"Mwenye tumbo lile?"

Hapa nieleze kidogo kwa ajili ya wale waliohamia Kyela juzi. Kwetu Wanyakyusa, baba na mke wa mwanawe wanaogopana. Hatutazamani, hatusemeshani, hatukai chini ya paa moja. Akiniona njiani anaingia kichakani, nami nageuza uso. Si chuki, ni heshima. Vijana wengi wameacha, wanakaa sebuleni na wakwe zao wanatazama mpira. Mimi sijaacha, na mkamwana wangu, mke wa Lusajo, hajaacha. Nikienda kwao napiga honi kutoka mbali ili apate nafasi ya kuingia ndani.

Sasa mwanamke huyu alikuwa mjamzito, amebakiza kama mwezi. Mimba ya kwanza ilitoka. Ilitoka baada ya msiba mmoja ambapo mimi na yeye tulikutana uso kwa uso mlangoni, kila mmoja hana pa kukimbilia. Hospitali walieleza sababu nyingine kabisa. Lakini hospitali haikai kijijini kusikiliza midomo ya watu. Watu waliunganisha mambo mawili, naye akaamini. Mpango wetu ulikuwa tukimaliza kutembea, Mama Lusajo abaki kwake mpaka ajifungue, maana Lusajo yuko machimboni Chunya. Safari yote mke wangu alikuwa akiamka anasema, "Huyu akimpoteza na wa pili, sijui." Hakuwa anamalizia.

Busale tulinuia kulala siku moja tu. Asubuhi nikafungua mlango niondoke, sioni ardhi. Bupe na wanawe walikuwa wameanika mpunga uwanja mzima, turubai kwa turubai, wakakizungushia kibasi kama kisiwa.

"Dada, mimi nasafiri leo."

"Safiri. Ukikanyaga punje moja tutaonana."

Uwanja ni wake, jua ni la Mungu. Tulikaa kwenye ngazi ya kibasi tukila ndizi za kupika, tukifukuza kuku wasile mpunga, mpaka ulipokauka. Huko kuchelewa ndiko kulikopeleka siku zetu mbele, nanyi mtaona maana yake. Wakati ule nilikasirika. Siku hizi nikimkumbuka dada yangu namwombea maisha marefu.

Kuvuka mto Songwe hadi Karonga

Mambo ya mpakani siwaelezi, mnayajua, na wengine wenu mnaishi kwayo. Tukafika Karonga, upande wa Malawi, kwa Wyson, mtoto wa baba yangu mdogo. Mkewe alikuwa ametandika chumba, shuka jipya, ndoo ya maji ya moto tayari. Mimi nikamshukuru, nikamwambia tutalala kwenye nyumba yetu pale nje.

Yule mama akairudisha ndoo jikoni. Wyson akatazama chini. Chakula kikaja, ugali wa muhogo ule unaovutika kama mpira, na usipa, wale dagaa wa ziwani, wa kukaanga, mtamu kweli. Lakini kimya. Asubuhi majirani wakaanza kuja mmoja mmoja, wanasalimia kwa sauti ya msibani, wanatazama kibasi, wanaondoka. Mke wangu ndiye aliyeelewa.

"Wanafikiri tumewaogopa," akaniambia.

"Tumewaogopa nini?"

"Mgeni anayekataa kulala ndani anawaambia watu kwamba ndani kuna kitu. Wewe mwanaume umelala nje ya nyumba ya ndugu yako kama mtu aliyeambiwa na mganga."

Nilisema ni upuuzi. Kisha nikamwona mke wa Wyson jikoni, anafuta machozi kwa upande wa chitenje, kitenge chake. Basi mimi niliyeapa sitalalia godoro la mtu, nililala kwenye godoro lake, na lilikuwa na shimo katikati lililotukutanisha mimi na Mama Lusajo kama maharusi wapya. Asubuhi Wyson alicheka, mkewe akachinja jogoo, na majirani wakarudi kwa sauti za kawaida.

Tulikuwa tunakula huyo jogoo simu ilipoita. Alikuwa Mama Subira, mjane, jirani wa mkamwana. Mke wangu alisikiliza, kisha akaacha kula.

"Miguu imemvimba," akasema. "Zahanati wamemwambia asisubiri mwezi uishe. Aende hospitali ya Matema akakae hukohuko."

"Ameenda?"

"Anasema atatungoja sisi kwanza."

Wyson alitaka tubaki, alikuwa amepanga kutupeleka ziwani. Nilimwambia ziwa nalijua. Tukaondoka na paja la jogoo kwenye bakuli.

Karonga hadi mbele ya Ipinda

Njia hii ningeweza kuipita nimefumba macho, na siku hiyo ilinitesa. Kwanza tairi, tukiwa tumeshavuka kurudi kwetu. Spea ilikuwa chini ya kitanda, na kitanda kilikuwa kimekazwa kwa nati, kwa hiyo nililala kifudifudi nikiivuta kama mtu anayetoa nguruwe shimoni. Mke wangu alishika tochi, akasema fundi aliyeiweka pale hakuwahi kupata pancha. Nikamwambia aliyeiweka pale ni mimi. Akasema anajua.

Kyela mjini tukapita bila kushuka. Kuanzia hapo barabara ilijaa. Bodaboda, bajaji, malori ya mchele yenye watu juu na ngoma katikati yao, wote wanakwenda upande mmoja. Tamasha lilikuwa limeanza. Kama Bupe asingetuzuia kwa mpunga wake, siku hiyo tungekuwa tayari Matema tumekaa kwenye mchanga, na simu ya Mama Subira ingetukuta huko, sisi upande wa mbali na mkamwana upande huu.

Kufika kwao, kijiji cha mbele ya Ipinda, nikapiga honi kama kawaida yangu, nikaegesha barabarani, nikashuka nikasimama nikitazama miti ya kokoa. Mama Lusajo akaingia uani. Hakukaa. Alirudi anakimbia, na mke wangu hakimbii.

"Uchungu umeanza tangu asubuhi," akasema. "Hakuna gari. Kila chenye magurudumu kimekwenda kwenye ngoma. La wagonjwa limekwenda kumchukua mwingine mbali. Washa."

Pale kwenye kokoa

Mahali hapa nimepapa kichwa chake ingawa hatukutembea hata hatua moja, kwa sababu ndipo tulipochelewa kuliko kote.

Walimleta wakimshika, Mama Subira huku na mke wangu huku, wamemfunika kitenge kichwani. Mimi nilikuwa nimewapa mgongo. Nikasikia nyayo zinakuja, mlango unafunguliwa, kisha nyayo zimesimama.

"Mama, siingii." Sauti ndogo. Alikuwa anamwambia mke wangu.

"Mwanangu, huu si wakati."

"Kile ni kitanda chake. Hii ni nyumba yake, mchungaji aliiombea, kila mtu alisikia. Mara ya kwanza ilikuwa mlango tu. Mlango tu, mama. Leo niingie mpaka kitandani?"

Nikaziambia kokoa, kwa sauti kubwa, "Mwambieni hilo ni gari. Lina injini."

"Wewe mwenyewe ulisema si gari," mke wangu akajibu. "Ulisimama ukasema."

"Nilikuwa najisifu."

"Basi ulijisifu, watu wakaamini."

Uchungu ukamshika tena. Sijawahi kusimama mahali nikajiona sina kazi kama pale. Nimebeba magunia, nimejenga, nimenunua kibasi nikiwa sijui kusoma mkataba wake, na sasa mtoto wa mwanangu anakufa nyuma ya mgongo wangu, nami siruhusiwi hata kugeuka. Nikafikiri: mwambie mila zimepitwa na wakati. Lakini angeniaminije, mimi niliyempigia honi miaka yote?

Mama Subira ndiye aliyekata shauri. Yule mama hapigi kelele.

"Nyumba ni nini?" akauliza. "Ni bati? Basi choo nacho ni nyumba. Nyumba ni moto na kitanda. Kitoke kitanda, litoke jiko, tuone kama kitabaki kitu cha kumwogopesha."

Kisha ile sauti ndogo: "Vikitoka, nitaingia."

Wakamsogeza nyuma ya ukuta ili mimi niingie. Nikachukua spana. Nati ya kwanza ikafunguka, ya pili ikagoma, ya tatu hata spana haikupita. Nikasikia analia kule nyuma ya ukuta. Nikaacha spana, nikachukua nondo.

Mninga ni mbao ngumu, ndugu zangu. Nilikichagua mwenyewe kile kitanda, ubao kwa ubao. Nilikivunja nikihema kama ng'ombe, nikatupa vipande kwenye kokoa, nikatupa na jiko, mtungi wa gesi, sufuria, vyandarua, godoro, hata kioo cha mke wangu. Chote kilichokuwa cha kukaa kilitoka. Mama Subira akaleta mkeka wake na godoro lake mwenyewe, lisilowahi kuniona.

Nikarudi kwenye kokoa zangu. Nyayo zikaja. Zikasimama tena.

"Na yale maombi?" mkamwana akauliza. "Maombi hayatoki kwa nondo."

Mke wangu akaweka mkono kwenye bati, akasema, bila kufumba macho, "Bwana, tulikuomba ubariki nyumba. Leo hatuna nyumba hapa. Bariki gari. Amina."

"Amina," akasema mkamwana, akapanda.

Barabara ya Matema

Walitundika kitenge nyuma ya kiti changu, toka juu mpaka chini. Kioo cha ndani nikakigeuza kikatazama dari. Nikaendesha hivyo, sijui cha nyuma, najua cha mbele tu, na cha mbele kilikuwa vumbi na matako ya malori.

Uchungu ukizidi alikuwa analia, kisha anajizuia, kwa sababu nasikia. Nilijua anajizuia kwa ajili yangu. Mke wangu akamwambia lia tu, yeye hawezi. Kwa hiyo nikaanza kuimba mimi. Nyimbo za kanisani, zile za Kinyakyusa, kwa sauti yote niliyonayo, ili yeye alie akijua sisikii. Sina sauti. Mama Subira akaingia na yake, mke wangu naye, na chini ya nyimbo zetu yule mwanamke akapata nafasi ya kulia alivyotaka.

Tukafika Matema hivyo. Njia imefungwa na watu, ngoma inapigwa, kushoto kuna wacheza ngoma ya malipenga waliovaa fulana nyeupe. Kijana mwenye kizibao cha wasimamizi akatusimamisha, akasikiliza kidogo.

"Wasanii mnaingilia kule," akasema. "Kwaya ya wapi nyie?"

Mke wangu akatoa kichwa dirishani. "Kwaya ya leba. Tunakwenda hospitali, na wewe ukiendelea kusimama hapo utaimba sauti ya nne."

Yule kijana akaruka pembeni kama amekanyaga moto, akaanza kupiga filimbi. Wacheza ngoma wakagawanyika. Mzee mmoja mwenye ngoma kubwa akatembea mbele yetu akiipiga mpaka tulipofika lango la hospitali, naamini alifikiri anatupeleka jukwaani. Sikumwambia vingine. Alikuwa anafungua njia.

Hospitali

Wakamshusha mimi nikitazama usukani. Nikabaki nje, kwenye benchi la saruji. Milima imesimama nyuma yangu, ziwa mbele, na watu wanacheza kule ufukweni kana kwamba hakuna kitu duniani. Niliwachukia wote kidogo.

Nesi mmoja akatoka. Lafudhi yake si ya kwetu, nadhani mtu wa Tanga.

"Mzee, wewe ni wa yule mama aliyekuja na kibasi?"

"Ndiyo."

"Mbona hukai ndani na wenzako? Au mmegombana?"

"Tunaheshimiana," nikamwambia.

Akanitazama kama mtu anayengoja maelezo, hakuyapata, akarudi ndani. Mama Lusajo alipotoka alikuwa amevua viatu, na hilo liliniogopesha. Akakaa karibu yangu. Akashika goti langu.

"Msichana," akasema. "Analia vizuri. Mama yake mzima. Presha ilikuwa juu sana. Nesi amesema tungesubiri gari lingine, angekuwa anatupa pole."

Nikamwambia aende akavae viatu.

Ngoma

Sasa mliouliza habari za tamasha: nililiona. Walipomweka mkamwana hospitali apumzike, tulikuwa na nafasi. Mama Lusajo alicheza mpaka vijana wakamwachia uwanja, nami niliingia kwenye ing'oma, ngoma yetu ya wanaume, nikatoka mapema kwa sababu ya goti, lakini niliingia. Tulikula mbasa wa kuchoma na ndizi. Mke wangu alinunua chungu cha Wakisi, wale mafundi wa vyungu, akakibeba kama mtoto. Nimekwenda harusi nyingi, na sijawahi kufurahi hivyo mahali nisipojua jina la mtu.

Kulala tulilala nje, kwenye mkeka, kibasi kimesimama kitupu karibu yetu. Mke wangu alinitaka tuingie ndani, kuna upepo. Nilikataa. Nikilala humo usiku mmoja tu, asubuhi kitakuwa nyumba yangu tena, na yule mwanamke na mtoto wake watarudi kwao na nini?

Kurudi

Waliporuhusiwa, kitenge kikatundikwa tena, kioo kikatazama dari. Mama Lusajo akakaa nyuma nao. Lusajo alikuwa njiani kutoka Chunya, akipiga simu kila kituo. Malori ya tamasha yalikuwa yameondoka, barabara nyeupe, mimi nikawa na furaha, na dereva mwenye furaha anakanyaga mafuta. Nililijua gari, niliijua barabara, nikaanza hata kupiga mluzi.

Nyuma mtoto akashtuka, akalia. Nikangoja mke wangu aseme kitu, kama ilivyo desturi, maneno yapite kwake ndipo yanifikie. Mke wangu alikuwa amesinzia.

"Baba," sauti ikasema nyuma ya kitenge. "Polepole. Mtoto."

Haikuwa sauti ile ndogo ya pale kwenye kokoa. Ilikuwa sauti ya mwenye mtoto. Na ilikuwa inasema na mimi.

Sikumjibu, haifai. Nilipunguza mwendo, nikaenda nao hivyo mpaka kwao, tukipitwa na baiskeli.